Kivuli Ndani ya Ini

1

Siku ya kumi na moja tangu apewe karatasi ya kijani, Bi Ezelina Sanga aliomba ugali.

Muuguzi aliyempelekea habari hiyo Daktari Lusungu Mwalongo aliisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta taarifa ya msiba, kwa sababu katika Hospitali ya Nyamande watu wa karatasi ya kijani hawakuwa na desturi ya kuomba ugali. Walihamishiwa wodi ya mwisho, ile inayotazama msitu wa misindano. Huko walipewa blanketi la pili kwa ajili ya baridi ya Nyanda za Juu, wakapewa mofini ya maumivu, na ndugu zao wakaruhusiwa kushinda nao kutwa nzima. Dawa nyingine zote zilikoma. Kufikia siku ya sita macho yao yalikuwa yamekolea rangi ya kiini cha yai. Siku ya kumi hawakujua tena walipo, na wiki mbili hazikutimia kabla kitanda hakijatandikwa upya.

Lusungu alimkuta Bi Ezelina ameketi wima, anamsuka mwanamke wa kitanda cha pili ambaye hakuwa na habari kwamba anasukwa. Macho ya Bi Ezelina yalikuwa meupe.

"Mwanangu," alisema bila kuacha kusuka, "viazi vyangu vinaozea shambani. Kama nakufa, niambieni nife. Kama sifi, nipeni nguo zangu."

Lusungu alimpapasa tumbo, akamkagua ulimi na kucha, na moyoni akaanza kujieleza. Sababu ilikuwa inajulikana. Siku Bi Ezelina alipoletwa, radi ilikuwa imepiga mnara wa mawasiliano, na Mizani, akili ya mashine iliyosoma picha za wagonjwa wote, ilikuwa kimya kwa siku mbili. Katika siku hizo mbili Lusungu alifanya kama walivyofanya zamani: alipitisha sindano katikati ya mbavu hadi ndani ya ini, akaacha mrija mwembamba wa kutolea nyongo iliyokwama. Mizani iliporudi, iliisoma picha kwa sekunde kumi na moja, muda inaoutumia kwa kila mtu, ikatamka: saratani ya mfereji wa nyongo, imefika mwisho, kijani. Lusungu akaweka saini, kwa kuwa sheria ilitaka jina la binadamu chini ya kila hukumu. Mrija ulipaswa kutolewa siku ileile. Hakuutoa, na alipoulizwa alisema amesahau.

Basi mrija ndio uliosafisha macho. Hilo lilieleweka. Lakini mrija haurudishi nyama mashavuni, wala haumfanyi mtu wa saratani iliyofika mwisho aombe ugali.

2

Hakuna aliyeichukia Mizani, na Lusungu alikuwa wa mwisho kuichukia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane na alikumbuka vizuri ilivyokuwa kabla yake: wagonjwa wa manjano wamelala kwenye mikeka koridoni, wanasubiri miezi mitano mtu wa kuwasomea picha, wengine wakifa na namba zao za foleni mkononi. Mizani iliimaliza foleni ile kwa mwezi mmoja. Iliyemwona anapona, ilimpa damu, kitanda na upasuaji. Iliyemwona haponi, ilimpa kijani, ili damu na kitanda visipotee bure.

Kilichokufa pamoja na foleni ni ufundi mmoja mdogo. Mwalimu aliyemfundisha Lusungu kutibu kwa kufuata eksirei alikuwa akisema kwamba picha inakuonyesha kivuli cha aliyesimama mlangoni, haikwambii kama ni mwizi au mgeni. Ukishatoboa njia hadi kwenye ini, ingiza jicho ukamtazame. Jicho alilolisema lilikuwa endoskopi, mpira mwembamba kama utambi wa koroboi, wenye taa na lenzi kwenye ncha, unaopita katika tundu lilelile la mrija. Kazi hiyo ilikula saa nzima kwa mgonjwa mmoja. Kanuni zikaifuta.

Endoskopi moja ilibaki stoo, ndani ya sanduku lake. Skrini yake ilikuwa imekufa lakini taa iliwaka, na mtu angeweza kutazama kwa kuweka jicho kwenye kioo cha nyuma. Tatizo lilikuwa mashine ya eksirei, ambayo ilikataa kuwaka kwa jina lenye kijani. Aliyeweza kuiwasha kwa mkono, kama inavyowashwa baada ya matengenezo, alikuwa mtu mmoja tu: Osmundi Ngailo, fundi wa mashine, mtu wa makamo mwenye maneno machache, ambaye Lusungu alimwita kaka kwa heshima ya umri.

Osmundi hakuuliza sababu. Alisema tu kwamba mkewe Gaudensia alilala wodi ileile, kitanda cha dirishani, na kama siku zile angetokea mtu wa kutaka kumtazama mara moja zaidi, yeye Osmundi angeibeba mashine mgongoni.

Saini kwenye karatasi ya Gaudensia, miezi tisa iliyopita, ilikuwa yake. Osmundi alilijua hilo na hakuwahi kumlaumu. Baada ya matanga alimletea hata debe la viazi, kumshukuru kwa jinsi alivyowatunza.

Walianza saa moja asubuhi, wamevaa aproni zao za risasi za kuzuia mionzi. Bi Ezelina alichomwa ganzi ubavuni akaambiwa apumue polepole. Lusungu alipitisha waya ndani ya mrija, akautoa mrija, akalipanua tundu kidogo kidogo, kisha akaingiza jicho. Osmundi alikuwa akisukuma maji ya chumvi kwa bomba la sindano ili njia iwe safi, na kila alipoombwa aliwasha eksirei kwa kitambo kifupi ili Lusungu ajue amefika wapi. Kwenye skrini ya eksirei mifereji ya nyongo ilionekana kama mti usio na majani, na tawi lake kubwa lilikatika ghafla. Ncha ya endoskopi ilisimama pale lilipokatikia.

Lusungu akainama, akaweka jicho kwenye kioo.

Alijua saratani ilivyo akiitazama ana kwa ana: nyama iliyovimba ovyo, mishipa iliyopindapinda, damu inayotoka kwa kuguswa tu. Aliitafuta. Aliona ukuta wa mfereji, mwekundu na umevimba lakini laini. Aliona matope ya nyongo. Na juu ya matope aliona kitu cha kahawia, bapa kama jani la chai, kimejibandika ukutani. Osmundi aliposukuma maji, jani lile lilijikunja.

"Unaona nini, daktari?" Osmundi aliuliza.

Yeye hakuweza kuona. Kioo kilikuwa cha jicho moja.

"Matope," Lusungu alijibu.

Matope yalikuwapo kweli. Alijiambia hivyo wakati anaingiza koleo jembamba kama unywele na kuvuta jani la kwanza, na la pili, na la tatu, na la nne. Kila moja alilitumbukiza kwenye kikombe cha chuma na kulifunika kwa shashi kabla Osmundi hajageuza shingo. Alipomaliza alisukuma dawa ya picha, nayo ikateremka bila kizuizi hadi kwenye utumbo, kama maji yaliyofunguliwa mfereji shambani. Osmundi aliiona ikipita kwenye skrini, akatabasamu. Lusungu hakuwa amemwona akitabasamu tangu mazishi.

3

Mchana ule alijifungia ofisini na picha za zamani. Kwa miaka miwili alikuwa ametia saini karatasi za kijani sitini na tatu za ugonjwa ule. Wanane kati yao, ukimtoa Bi Ezelina, walikuwa bado hai katika wodi ya mwisho. Alizipanga picha mezani moja baada ya nyingine: mti, tawi kubwa, tawi limekatika. Picha ya Gaudensia aliiweka kando ya picha ya Bi Ezelina, akazitazama hadi macho yakamuuma. Kama angechanganya majina, asingeweza kuyarudisha mahali pake.

Mizani ilikuwa imefundishwa kwa maelfu ya picha za watu wa mbali, ambao mnyoo wa ini, ule wenye umbo la jani, haukuwahi kukaa ndani yao. Kwao kivuli cha namna ile kilikuwa saratani siku zote. Haikudanganya. Ilisema ilichokijua.

Alimpelekea habari Daktari Batromeo Kilasi, mkuu wa hospitali, pamoja na kikombe. Kilasi hakuwa mtu mbaya. Alikitazama kikombe kwa muda mrefu, akakaa chini, akauliza wangapi. Kisha akamweleza Lusungu, kwa upole, kilichomtisha. Mizani ilikuwa ikisomea watu milioni nne. Habari hii ikitoka ovyo, watu wataikimbia hata pale inapowaponya, na koridoni mikeka itarudi. Yeye mwenyewe aliwahi kufiwa na wagonjwa kumi na mmoja wa foleni katika wiki moja, na majina yao alikuwa nayo kichwani hadi leo. Ataandika kwa Ofisi ya Mizani, kwa siri, kwa utaratibu. Akaomba wiki mbili.

"Wale wanane hawana wiki mbili," Lusungu alisema.

"Najua," Kilasi alijibu.

Lusungu alitoka akiwa hajakatazwa wala kuruhusiwa. Kuwatazama wanane wale kungehitaji eksirei siku mbili mfululizo, na eksirei ilihitaji mkono wa Osmundi. Angeweza kumwambia tena ni matope. Osmundi angeamini. Angefanya kazi siku zote mbili kwa moyo mweupe, na usiku angelala. Lakini wagonjwa wanane wakitolewa minyoo mbele ya mtu, huwezi kumfunikia kila kikombe. Na hata kama ungeweza, Lusungu alifikiri, huo ungekuwa wizi wa aina gani, kumfanya mtu aokoe wake za wenzake bila kujua anachokifanya?

4

Alimkuta Osmundi kwenye karakana yake nyuma ya jenereta, amefungua kifuniko cha pampu. Aliweka kikombe mbele yake juu ya benchi, akatoa shashi.

Osmundi alitazama mara moja tu. Baba yake alikuwa mchinjaji.

"Hiki ni cha kwenye ini la ng'ombe," alisema. "Tulikuwa tunakikata tunawatupia mbwa. Kimetoka wapi?"

"Kwa Bi Ezelina."

Lusungu aliziona mboni za Osmundi zikihama kutoka kwenye kikombe kuja usoni pake, kisha zikarudi. Ng'ombe mwenye mnyoo ule alinyweshwa dawa, akapona, na kila mfugaji wa milimani aliijua dawa hiyo kwa rangi ya chupa yake.

"Ulisema matope."

"Nilikudanganya, kaka."

Osmundi aliuliza picha ya Gaudensia ilikuwaje. Lusungu alikuwa amekuja nayo, lakini hakuitoa. Alisema kwamba kivuli ni kilekile, ila kivuli peke yake hakimpi mtu haki ya kuapa, na huenda kwake ilikuwa saratani kweli, kwa sababu wapo ambao—

"Usinipunguzie," Osmundi alisema.

Nje, jenereta ilizimika. Osmundi alianza kuzungumza akiwa anatazama pampu. Alieleza kwamba katika siku za mwisho Gaudensia alikuwa akikataa mofini. Alidai kuna kitu kinatembea ndani yake, upande wa kulia. Yeye Osmundi alimbembeleza anywe. Alimwambia ni ugonjwa unaosema, si yeye. Alimshika kichwa akamnywesha.

Lusungu alisimama palepale. Hakumgusa wala hakuomba msamaha. Aliona kwamba msamaha wakati ule ungekuwa kumwomba mtu aliyeangukiwa na nyumba akusaidie kufagia.

"Wamebaki wanane," alisema mwishowe. "Siwezi bila wewe."

Osmundi alirudisha kifuniko cha pampu, akakaza skrubu zote nne. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, polepole, hadi viwiko. "Tuanze na aliyezidiwa zaidi," alisema.

5

Aliyezidiwa zaidi, dereva wa trekta aitwaye Felisiani, alikata roho wakati wanamtoa wodini. Waliobaki saba walipita mezani kwa siku mbili. Hao hawakuwa na mrija, hivyo kila mmoja ilibidi atobolewe upya na kuingizwa jicho kwenye njia mbichi, jambo ambalo Lusungu asingelithubutu kwa mtu aliyekuwa na kitu kingine cha kupoteza. Watatu walikuwa na saratani, ileile aliyoijua, nyama ovyo na damu, na kwa hao Mizani ilisema kweli. Wanne walikuwa na minyoo. Osmundi alisukuma maji, aliwasha eksirei alipoambiwa, alitaja namba zilizopaswa kutajwa. Jani la kwanza lilipotoka alishika kikombe mwenyewe. Zaidi ya mambo ya kazi hakusema na Lusungu neno lolote.

Siku ya tatu Kilasi alipeleka taarifa juu, safari hii kwa jina lake na la Lusungu. Majibu yalikuja upesi kuliko walivyotarajia. Mizani ilifundishwa kivuli kipya kwa mchana mmoja, na tangazo likatoka la mstari mmoja: Mizani imeboreshwa katika kutambua minyoo ya ini. Hukumu zilizopita, barua iliendelea, hazitafunguliwa, kwa kuwa kuzifungua hakutamrudisha yeyote. Familia zisisumbuliwe. Daktari Mwalongo asimamishwe kazi hadi atakapoitwa kujieleza kwa nini alivunja kanuni.

Kabla Lusungu hajarudisha kitambulisho, alikaa na wale wanne na Bi Ezelina, akawauliza walichokula na walipokichota. Vijiji vyao vilikuwa mbalimbali. Kitu kimoja tu kilifanana. Wote walikula yale majani mapya ya lishe yanayooteshwa ndani ya maji kwenye vinyungu, bustani za mabondeni, ambayo miaka minne nyuma kila kaya iligawiwa mbegu yake mvua zilipoharibika. Ni matamu yakiwa mabichi. Konokono wa mabondeni huyapenda, na mnyoo hupitia kwa konokono.

Alinakili kwa mkono wake majina hamsini na tano ya waliokufa. La Gaudensia aliliweka la kwanza, akaenda kumwambia Osmundi kwamba barua imekataza, na kwamba yeye atakwenda kwa familia zao. Osmundi alisema Gaudensia ana mama. Kama daktari ana la kusema, aje aliseme kwa mama huyo mwenyewe.

Walikwenda Jumamosi, kwa miguu kutoka barabarani, ukungu ukiwa haujapanda. Bibi Vasta, mama wa Gaudensia, aliwapokea kwa heshima zote. Aliwakalisha jikoni karibu na moto, akawapa chai, akamuuliza Osmundi habari za mjukuu wake Kolumba. Lusungu alisema yote bila kuzunguka: ugonjwa uliosomwa na ugonjwa ambao huenda ulikuwapo, dawa ambayo ingetosha, na saini ni ya nani. Mama yule alisikiliza huku amekunja mikono ndani ya kitenge. Hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Hao minyoo wanaingiaje kwa mtu?"

Lusungu alifungua kinywa, na ndipo alipomwona Osmundi. Alikuwa anatazama mlangoni, kapu la asubuhi lililokuwa kizingitini, limejaa majani, maji yanachuruzika. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amekumbuka kabla ya daktari kuelewa: kila Jumamosi, mgonjwa alipoanza kudhoofika, kapu kama lile liliteremka mjini, kumpa Gaudensia nguvu. Aligeuka akamtazama Lusungu, akatikisa kichwa kidogo sana. Alikuwa anamwomba. Katika siku zote zile ndicho kitu pekee alichowahi kumwomba.

Angeweza kusema ni maji. Angeweza kusema haijulikani. Mama yule angezeeka na huzuni yake bila kuongezewa. Na kesho asubuhi angeshuka bondeni kuchuma kapu lingine, la kwake na la Kolumba.

"Wanatoka kwenye majani mabichi, mama," Lusungu alisema. "Hayo ya kinyunguni."

Osmundi alifumba macho.

Bibi Vasta alinyanyuka, akachukua kapu, akalimwaga lote motoni. Majani yalizima nusu ya moto na moshi mweupe ukajaa jikoni. Wote watatu walikohoa lakini hakuna aliyetoka.

"Nilimpelekea kwa mikono yangu," alisema.

"Mama, hata mimi niliyala," Osmundi alisema. "Sote tuliyala."

Hakumsikia, au hakutaka. Alichukua jembe ukutani, akateremka kinyunguni. Walimkuta amesimama ndani ya maji hadi magotini, anang'oa tuta la kwanza na kutupa mizizi ukingoni. Osmundi alivua viatu akaingia. Lusungu naye akakunja sketi, akaingia. Maji yalikuwa baridi hadi mifupa ikauma.

Kwenye tuta la tatu Bibi Vasta alinyoosha mgongo.

"Wewe daktari, una majina mangapi?"

"Hamsini na tano, mama."

"Wana watoto hao?"

"Wengi wao."

"Na watoto wanakula haya."

"Wanakula."

Mama alimtazama kwa mara ya kwanza tangu jikoni. Hapakuwa na msamaha machoni pake, na Lusungu hakuutafuta.

"Basi unang'oa nini hapa kwangu?" alisema. "Hapa pana watu wawili, wanatosha. Nenda kawaambie."

Lusungu alitoka majini. Miguu ilikuwa imekufa ganzi hata hakusikia changarawe. Alivaa viatu juu ya matope, akaitoa karatasi kifuani, akalisoma jina la pili, la mtu wa Ikando, mwendo wa saa tatu kupitia mlimani. Nyuma yake alisikia majani yaking'oka, moja kwa mama, moja kwa Osmundi. Hakuna aliyemuaga. Akaanza kupanda.